Makabidhiano ya Jumatatu

Alhamisi asubuhi, kabla mahakama hazijaanza kukaa, Jaji Mfawidhi alimwita Kaimu ofisini kwake akamwambia aandae sherehe ya makabidhiano siku ya Jumatatu.

"Makabidhiano ya ofisi ipi, Mheshimiwa?"

"Ya kwako."

Kaimu alisimama akisubiri aongezewe neno. Jaji Mfawidhi, mkubwa wa mahakama ile yote, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akarudi kwenye jalada lililokuwa mbele yake. Alikuwa mtu mwema, tena mpole, lakini ujaji ulikuwa umemwingia hadi kwenye mifupa. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, angekujibu kwamba shauri hilo bado halijafika mbele yake.

"Naomba kujua tu, Mheshimiwa, nani atamkabidhi nani."

"Hilo atalitangaza mwakilishi wa Tume, hiyohiyo Jumatatu. Si vizuri mimi kulizungumzia kabla ya siku yake."

"Na viti vya mbele, nimpangie nani?"

"Familia ya mteule," alisema Jaji, kwa utulivu wa mtu aliyelijibu swali likaisha.

Kaimu alitoka, akafunga mlango polepole, akabaki ameshika kitasa kwa nje kama aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Ofisi iliyotajwa ilikuwa ya Mtendaji wa Mahakama, ambaye huteuliwa na Tume. Majaji na mahakimu kazi yao ni kuhukumu. Mengine yote humwangukia Mtendaji. Vyumba vya kusikilizia kesi ni vyake. Magari, makarani, umeme, choo cha mashahidi kilichoziba, mkalimani aliyechelewa, kiti cha hakimu kinacholia kila hakimu akigeuka, vyote hivyo ni vyake. Mtendaji wa mwisho alipostaafu, Kaimu, mwanamke aliyekuwa msaidizi wake, aliombwa ashikilie ofisi kwa miezi mitatu. Sasa ulikuwa mwaka wa sita. Kukaimu kulikuwa kumemganda mpaka makarani wapya wakadhani Kaimu ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Mtu asiyeijua mahakama ile angesema hakuna cha kuchanganya hapo, ukiambiwa ukabidhi basi umeng'olewa. Hapana. Pale palikuwa na utaratibu wake. Mtu aliyekuwa akikaimu akithibitishwa, naye hukabidhi, tena hujikabidhi mwenyewe. Anautoa ufunguo wa ofisi, anauweka mezani mbele ya watu, anarudi nyuma kidogo, halafu anaitwa kwa cheo chake kipya na kupewa ufunguo uleule. Mtendaji aliyestaafu aliingia ofisini hivyohivyo, na siku ile aliyeshika kipaza sauti alikuwa Kaimu. Kwa hiyo mtu akikwambia uandae makabidhiano, hajakwambia kitu. Huenda unaandaa harusi yako, huenda unaandaa msiba wako, na viti vya kukodi ni vilevile.

Angeweza kuvumilia, kwani kuvumilia ndiko alikokuzoea. Tatizo ni kwamba Baraza la Ardhi la mji mmoja wa mbali lilikuwa limempa kazi. Ofisa Tawala Mkuu. Cheo kidogo kuliko hiki, ofisi ndogo, lakini cheo cha kuthibitishwa tangu siku ya kwanza. Walitaka jibu Jumatatu kabla ya kufunga kazi. Akikubali, na kumbe Tume imempa Utendaji, atakuwa ametupa kile alichokisotea maisha yake yote ya kazi. Akikataa, na kumbe Tume imempa mwingine, hana pa kurudi, kwa maana kiti chake cha usaidizi kilishakaliwa na mtu zamani, mtu aliyethibitishwa, tena kijana wake mwenyewe aliyemfundisha kuandika dokezo.

*

Habari katika jengo la mahakama hazihitaji miguu. Kabla ya chai kila mtu alishajua kwamba Jumatatu kuna makabidhiano, na kila mtu alikuwa na tafsiri yake.

Wa kwanza kumkuta koridoni alikuwa Bwana Stoo, mzee wa ugavi, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa hatoki huko ila kwa shida.

"Hongera, Mama," alisema, mkono umeshanyooshwa.

"Ya nini?"

"Usijifanye hujui. Sisi tumeshaanza kusugua sakafu."

Kabla hajamjibu, mhasibu mkuu alipita na kikombe chake, akasimama, akaweka uso wa kilio. "Pole sana, Kaimu. Ndiyo dunia. Wewe umefanya kazi, Mungu anaona."

"Asante," alisema Kaimu. Aliwajibu wote wawili asante ileile moja, maana hakuwa na nyingine.

Bwana Stoo alimtazama mhasibu, mhasibu akamtazama Bwana Stoo, kila mmoja akimshangaa mwenzake kwa kukosa adabu. Kisha Bwana Stoo akauliza kibao cha mezani kiandikwe jina gani, kwa sababu fundi anataka kujua leo. Kaimu alimwambia aandike MTENDAJI, basi. Bwana Stoo akacheka cheko la mtu aliyenong'onezwa siri.

"Nimekuelewa, Mama. Nimekuelewa kabisa."

Mchana alimpigia simu mtu anayemfahamu kule Tume, mwanamke waliyeanza naye kazi ya ukarani. Mwanamke yule alimwuliza habari za mume, za mama mkwe, za afya, akacheka sana, na alipofikishwa kwenye swali lenyewe akasema, "Dada yangu, wewe jitayarishe tu." Jitayarishe kwa lipi, hakusema. Kaimu alishusha simu, akakaa akiitazama. Usiku wa kuamkia mtihani mtu huambiwa ajitayarishe, na mgonjwa anayekwenda kukatwa mguu huambiwa hivyohivyo.

Alijua kuendesha jengo lenye watu mia kadhaa, na alijua kwa kunusa tu kama mahakama ya tatu itakaa leo au itaahirisha. Lakini jambo lake mwenyewe lilikuwa limemshinda kulisoma. Alijiona mjinga, na ujinga huo ulimtia hasira kuliko hata wasiwasi.

*

Nyumbani walikuwa watatu. Mume wake, Mwalimu, alistaafu kufundisha hesabu, sasa alikuwa akiwafundisha watoto wa majirani barazani pake jioni, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye dirisha la jikoni. Mama yake Mwalimu, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa na sikio moja zima na moja la kubahatisha, na kila alichokikosa kwa sikio alijijazia mwenyewe.

Watoto walipoondoka, Kaimu alimweleza mumewe yote. Mwalimu alisikiliza huku akijifuta chaki vidoleni.

"Tuchukulie wewe ndiye mteule," alisema. "Wangekuambia?"

"Wasingeniambia."

"Tuchukulie si wewe. Wangekuambia?"

"Wasingeniambia pia."

"Basi kutokukuambia hakutuambii kitu." Alionekana kuridhika na mahesabu yake, kisha akaona uso wa mkewe akaacha kuridhika. "Na hawa wa Baraza?"

"Wanataka jibu Jumatatu. Unasemaje?"

"Mimi? Uamuzi ni wako, mama watoto. Kazi ni yako."

"Nyumba si yangu peke yangu. Tukihama, hawa watoto wako utawaacha na nani? Bibi na kliniki yake je?"

"Nimesema uamuzi ni wako. Mimi niko nyuma yako."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma tu. Popote."

Alikuwa akiongea kwa upole, na upole ule ulimchoma. Alitaka mtu amwambie nenda au amwambie usiende, hata kwa kelele. Badala yake, mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii alikuwa akimjibu kama mwakilishi wa Tume.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage, sikio zima likiwa limeelekezwa ndani. "Makabidhiano Jumatatu?" aliuliza.

"Ndiyo, Bibi, lakini hatujui ni ya nani."

"Yako. Mtu akitaka kumfukuza mwenzie hamwandalii viti. Humwambia toka, anatoka."

"Si hivyo kwetu, Bibi."

"Mbele atakaa nani?"

Kaimu, kwa uchovu, akajibu bila kufikiri. "Familia ya mteule. Viti vitatu."

"Vitatu," alisema Bibi, akahesabu kwa macho: yeye, mwanawe, na kimoja cha kuwekea mkoba. "Basi."

"Bibi, tafadhali usije. Nakuomba. Subiri kwanza nijue."

"Nimesikia," alisema Bibi, akaendelea na maharage yake. Na kweli alikuwa amesikia. Kutii ndiko ambako hakukuahidi.

Ijumaa Bibi aliwapigia simu dada zake. Jumamosi wifi yake Kaimu alikuja na kitambaa cha rangi ya zambarau, zawadi ya cheo, akamkumbatia mlangoni na kusema familia nzima inatembea kifua mbele. Kaimu alikishika kitambaa kile, akasema ni kizuri, akakiweka juu ya kabati, mahali ambapo hakuna mtu angekigusa. Alitaka kumwambia akirudishe dukani. Lakini akimwambia akirudishe, halafu Jumatatu aitwe yeye? Na akishona, halafu asiitwe? Hata kitambaa hakujua akifanye nini.

Jumapili alijaribu kuliandikia Baraza mara mbili. Mara ya kwanza aliandika kwamba anashukuru lakini hataweza. Mara ya pili aliandika kwamba anashukuru na atafurahi. Zote mbili zilisomeka vizuri. Alizifuta zote, akaenda kumsaidia Mwalimu kusahihisha madaftari, na akakosea kujumlisha.

*

Ukumbi ulikuwa mahakama namba moja, chumba kikubwa kuliko vyote. Jumatatu hiyo Kaimu aliwahi kufika, akamkuta Bwana Stoo ameshapanga. Kizimba cha washtakiwa kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe na kuwekewa maua, lakini bado kilionekana kizimba. Meza kuu ilikuwa na viti vinne na kile kibao cha MTENDAJI. Mbele kabisa kulikuwa na viti vitatu vya mto mwekundu.

Alikagua kipaza sauti. Alihamisha jagi la maji. Alimwonyesha dada wa itifaki, binti mpya mwenye viatu vinavyombana, mahali pa kusimama wageni wakiingia. Mikono yake ilikuwa inaijua kazi, hivyo aliiachia ifanye, na kichwa kikabaki huru kuzunguka.

Alipogeuka kutoka dirishani akawaona. Bibi alikuwa amekaa katikati ya viti vyekundu, amevaa vizuri, mkoba kwenye kiti cha kulia. Kushoto kwake alikaa Mwalimu na suti yake ya kustaafia, akimtazama mkewe kwa macho ya kuomba radhi.

"Nimeshindwa kumzuia," alisema Kaimu alipomsogelea. "Hivyo ndivyo utakavyoniambia."

"Nimeshindwa kumzuia," alisema Mwalimu.

Alipaswa kuwaondoa saa hiyohiyo. Hakuwaondoa. Ukweli ni kwamba moyo wake ulifurahi kuwaona pale. Aliwatazama kwenye viti vile, akawaona wamekaa kama wenye mahali pao, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akajiruhusu kuamini. Kwani si yeye aliyeendesha jengo hili miaka yote? Nani mwingine ambaye Tume ingempa? Alimwekea Bibi glasi ya maji, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Kisha gari likasimama nje. Mwakilishi wa Tume aliingia na mwanamume mmoja wa makamo, suti nyeusi, uso mkunjufu. Nyuma yao walikuja mwanamke aliyevaa gauni la kijani, na wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wakitazama dari kama watu wanaoingia mahakamani kwa mara ya kwanza bila kushtakiwa. Mlangoni mwakilishi wa Tume akamgeukia yule wa suti nyeusi na kumwambia, "Karibu ndani, Mtendaji."

Hakusema kwa sauti kubwa. Kaimu alikuwa karibu, akasikia.

Hakulia. Alichofikiria kwanza ni kwamba wageni ni watatu na viti vimekaliwa.

Dada wa itifaki alikuja mbio za kujificha, amebanwa na viatu na hofu. "Mama, viti vya familia. Nifanyeje? Wale si watu wako?"

"Ni watu wangu. Niachie."

Alitembea hadi mbele. Ukumbi ulikuwa umejaa makarani, mahakimu, mawakili wachache, na wote, bila shaka, waliona vizuri kutoka walipokuwa. Aliinama kwenye sikio zima la mama mkwe.

"Bibi, naomba tusogee nyuma."

"Kwa nini? Hapa si pa familia?"

"Ni pa familia ya mteule."

"Ndiyo. Mimi hapa."

"Mteule ni yule pale."

Bibi alimtazama yule wa suti nyeusi, akamtazama mkaza mwanawe, akarudi kwa yule wa suti nyeusi. Hakuwa na hasira. Alikuwa hajaelewa tu, na kutoelewa kwake kulikuwa wazi usoni, kama kwa mtoto. "Sasa sisi tumekuja kufanya nini?" aliuliza.

Mwalimu alishasimama. Alichukua mkoba, akamshika mama yake kiwiko, akamwinua taratibu. Mwanamke wa gauni la kijani, mke wa mteule, akawa mwema. "Jamani, mwacheni mama akae," alisema, "sisi tutabanana." Wema huo ulimwuma Kaimu kuliko yote, kwa sababu ulisikika mpaka safu ya nne.

"Hapana, karibuni sana," alisema. "Viti ni vyenu." Akapangusa kile cha mkoba kwa kiganja, akawakaribisha mmoja mmoja, na akasogeza ile glasi ya maji aliyoileta mwenyewe mbele ya yule mama mzee.

*

Sherehe ilikwenda kama alivyoipanga. Mwakilishi wa Tume alitangaza. Kaimu aliitwa, akautoa ufunguo, akauweka mezani, akarudi nyuma. Jaji Mfawidhi aliuchukua, akamkabidhi mteule. Watu walipiga makofi, kwanza kwa kusitasita, wakitazamana kuona nani anaanza, halafu kwa nguvu ili kufidia. Bwana Stoo hakupiga. Alikuwa akikitazama kibao chake kama kimemsaliti.

Mteule alishukuru vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na Kaimu alijaribu kumchukia akashindwa. Alisema amesikia sifa za aliyekuwa akikaimu, na kwamba ana mengi ya kujifunza kutoka kwake.

Kisha Jaji Mfawidhi akasimama tena, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Kuna moja dogo," alisema. "Mtendaji wetu mpya amechaguliwa kwenda masomoni, mafunzo ya uongozi, mwaka mmoja. Anaondoka wiki hii. Ni heshima kwa mahakama yetu. Ili kazi isisimame, Tume imeelekeza kwamba mwenzetu mwenye uzoefu aendelee kukaimu."

Makofi ya sasa hayakusitasita. Watu walipiga kwa faraja, kama waliokuwa wamebana pumzi. Mhasibu mkuu aligeuka kumtafuta Kaimu kwa macho, akamwonyesha dole gumba. Yule aliyempa pole Alhamisi sasa alikuwa anampa hongera.

Mteule alishuka, akamwendea na ufunguo kiganjani, akitabasamu. "Dada, tunarudi palepale," alimwambia kwa sauti ndogo, kwa nia njema.

Na huko nyuma kabisa, ambako mtu hasikii vizuri lakini anaona, Bibi alisimama. Alikuwa ameona ufunguo ukitoka, na sasa aliuona ukirudi. "Si nilisema," alimwambia karani aliyekaa jirani, na safu mbili nzima zikasikia. "Si niliwaambia ni yeye." Akaanza kupiga makofi peke yake, mikono juu ya kichwa, na watu wakacheka kwa upendo wakapiga pamoja naye.

Kaimu aliutazama ufunguo. Alikuwa anajua kinachotakiwa: kunyoosha mkono. Alifikiri pia kwamba ananyoosha. Alisubiri auone mkono wake ukitoka ubavuni, kama mtu anayemsubiri mwenzake atangulie mlangoni, na mkono haukutoka. Alijaribu kujua kama amekasirika. Hakujua. Alijaribu kukumbuka ni kazi ipi anaitaka, hii au ile ya mbali. Hilo nalo hakujua tena. Alichokijua ni kimoja tu: kwamba akiushika ule ufunguo leo, hakuna siku watu watakayoacha kumpa.

"Nashukuru, Mheshimiwa," alisema. "Siwezi."

"Huwezi kuanza leo?" aliuliza Jaji.

"Siwezi kukaimu."

Makofi yalikatika vipandevipande, ya Bibi yakiwa ya mwisho. Mteule alibaki na mkono umenyooka, hajui aurudishe mfukoni au autue wapi, mwishowe akauweka ufunguo mezani karibu na kile kibao. Jaji Mfawidhi aliutazama, akamtazama mwakilishi wa Tume, ambaye alikuwa ameanza kusoma ratiba kwa makini sana.

"Sasa itakuwaje?" Jaji aliuliza. Alikuwa anamwuliza yeye, kama alivyomwuliza kila kitu kwa miaka sita, wapi tukae, nani afuate, tunafungaje.

"Sijui, Mheshimiwa," alisema Kaimu. Na kwa kuwa hakuwa na kiti meza kuu wala viti vya mbele, alipita katikati ya ukumbi, akaenda kukaa nyuma na watu wake. Hakuna aliyejua kama sherehe imekwisha.

*

Nje, kwenye maegesho, dereva wa ofisi alikuwa amesimama kando ya gari, funguo zikimcheza mkononi.

"Mama, nikupeleke au nisikupeleke?"

"Muulize mwenye gari."

"Mwenye gari ndiye nani sasa?"

Walikwenda kwa miguu mpaka barabarani, Bibi katikati.

"Walikuwa wanakupa," alisema Bibi. "Nimeona kwa macho yangu. Mbona hukupokea?"

"Walikuwa wananiazima, Bibi."

"Hata sisi si tungekaa mbele?"

"Tusingekaa mbele, mama," alisema Mwalimu.

Walisimama kwenye kivuli cha duka wakisubiri teksi. Kaimu alitoa simu, akapiga Baraza bila kujiandalia maneno. Sauti ya mwanamume ilimwambia walikuwa wamekaribia kukata tamaa naye. Alisema anakubali. Walimwambia aripoti mwanzo wa mwezi. Mazungumzo yote hayakuzidi ya mtu anayeagiza gesi.

"Nimewaambia nakwenda," alimwambia mumewe. "Sikukuuliza."

Mwalimu alikuwa akitazama barabara. Alijua anachosubiri mkewe: ile kauli yake ya kuwa nyuma, popote. Alikohoa, akarekebisha mkoba wa mama yake begani.

"Mimi siendi," alisema.

Bibi aligeuza sikio zima.

"Nilijua tangu Alhamisi," Mwalimu aliendelea. "Niliogopa kukwambia. Watoto wangu wana mitihani, mama ana kliniki yake, na mimi nimezeeka, siwezi kuanza mtaa mpya. Nenda wewe. Sikuzuii. Lakini mimi siendi, na sitaki kukudanganya kwamba nitafuata baadaye."

Teksi ilisimama. Hakuna aliyeisogelea. Kaimu alimtazama mumewe, na machozi ambayo hayakutoka ukumbini yakamjia hapa, mbele ya watu wanaonunua vocha. Lilimwuma neno lile. Lakini lilikuwa jibu la kwanza lililonyooka alilopewa na mtu yeyote tangu Alhamisi, na katikati ya maumivu alijikuta akimshukuru.

"Haya," alisema. "Asante kwa kuniambia."

Mwalimu alimfungulia mama yake mlango wa teksi, akamwingiza, kisha akausimamia ule mlango, akimsubiri mkewe aingie.